Ukumbi Kwenye Kiwanja cha Sulle

Mwalimu Akonaay alipenda sifa. Usibishe, hata mke wake Bernadina anakuambia hivyo hivyo, tena mbele yake. Miaka thelathini na miwili alifundisha hesabu shule ya msingi, akastaafu, akajenga nje kidogo ya Katesh, upande wa kwenda Endasak. Kabla hajamaliza hata msimu mmoja wa kulima maharage yake kwa utulivu, wakamchagua mwenyekiti wa kamati ya ukumbi.

Na ukumbi ulihitajika, tusidanganyane. Mji ulikuwa unapanda kuelekea mlimani, viwanja vinapimwa kila mwezi, wageni wanahamia, lakini sherehe bado zilifanyika uani chini ya turubai. Mvua ya Hanang haina adabu. Iliwahi kushuka katikati ya harusi, bibi harusi akavushwa tope mgongoni kwa shemeji yake, pilau ikaogelea. Mikutano ya kijiji nayo ilifanyika darasani, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Kwa hiyo watu walipoitwa kusomba mawe na mchanga, walisomba kwa moyo.

Kasoro ikawa mahali. Mpimaji alizunguka wiki nzima akarudi na jibu moja: kiwanja kinachofaa, tambarare, karibu na barabara, ni cha Sulle.

Sulle ni kaka yake Akonaay, tumbo moja, kamzidi miaka minane. Ndiye aliyeacha shule darasa la nne akachunga ng'ombe wa baba ili mdogo wake asome. Ndiye aliyebaki na mama yao mpaka akamzika. Nyumba ya mama, ya udongo, ilikuwa kwenye kiwanja hicho. Ilishaanguka yenyewe, lakini Sulle hakupitisha jembe pale iliposimama. Alilima mahindi pembeni, katikati akaacha majani yaote. Watu walimcheka, yeye akaendelea kuyazunguka na jembe lake.

Akonaay alimwendea kaka yake kama inavyotakiwa. Alibeba kibuyu cha pombe ya asali, akafuatana na Patriki, katibu wa kamati, mtu wa kuhamia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibuni."

Akaeleza yote: atapewa kiwanja kingine kikubwa zaidi huko juu, na jina lake litaandikwa ukutani. Sulle akapokea kibuyu kwa mikono miwili. Akakishika muda mrefu. Kisha akakiweka chini bila kuonja, akauliza habari za maharage.

Sasa, Patriki angejuaje? Lakini mtoto yeyote wa ukoo ule alijua. Mzee akikubali, anaonja, anakurudishia nawe uonje. Akikataa, anaweka chini. Hasemi hapana, maana kumkatalia mdogo wako mbele ya mgeni ni kumvua nguo. Anakuachia uondoke na heshima yako. Akonaay alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

Njiani Patriki akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo mzee amekubali?"

"Wewe umemsikia akikataa?"

"Hapana, hajakataa."

"Basi."

Haki ya Mungu, basi! Mwalimu mzima, mtu wa kwenda kanisani kila Jumapili. Siku ya mkutano wa kijiji akasimama akatangaza kwamba kaka yake ameridhia, mikono ikanyooshwa, makofi yakapigwa. Sulle alikaa nyuma, fimbo katikati ya magoti, akiangalia miguu yake. Wiki iliyofuata alikata mahindi yake yakiwa mabichi, akawapa ng'ombe. Trekta likaja kusawazisha.

Ukumbi ukasimama, na ulikuwa ukumbi kweli. Harusi, mahafali, kliniki ya watoto, semina za mbegu, kwaya za makanisa mawili zikipokezana. Watu wakamwita Akonaay Baba Ukumbi, naye akawa anaitika kabla hajamaliziwa kuitwa. Ila kaka yake hakukanyaga pale. Alipitisha ng'ombe wake upande wa pili wa barabara, mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka ikafika sita.

Na hakugomba! Hilo ndilo lililomtafuna Akonaay. Shikamoo yake iliitikiwa, maziwa ya Krismasi yaliletwa kama kawaida. Afadhali angetukanwa. Alichotaka sasa ni kitu kimoja tu, kaka yake avuke kile kizingiti, hata mara moja, hata asiposema neno.

Alipofanyiwa send-off Loveness, mjukuu wa Sulle, Akonaay aliona siku imefika. Akamwekea kaka yake kiti cha mbele. Sulle alimbariki mjukuu wake asubuhi, nyumbani, kwa maziwa, kisha akabaki na ng'ombe. Ukumbini mshereheshaji akaita: babu wa binti asimame atoe baraka! Kiti cha mbele kitupu. Akonaay akainuka akazitoa yeye. Watu wakashangilia, Bernadina hakupiga makofi.

"Umemchukulia na hiyo," alimwambia walipofika nyumbani. "Mwalimu, nenda ukamwambie kaka yako kwamba ulijua. Hutakufa."

"Nitaenda baada ya mavuno."

Baada ya mavuno pakawa na kikao cha kamati. Baada ya kikao ikaja kupanda. Wanasema majuto ni mjukuu. Akonaay ana wajukuu tisa na bado alikuwa anaahirisha. Ikapita miaka miwili hivyo hivyo, ya bure kabisa.

Mwaka huu, mwezi wa saba, baridi imeshika, akaja Marieta, binti ya Sulle anayemtunza.

"Shikamoo baba mdogo. Baba hayuko sawa. Anatafuta ng'ombe waliouzwa zamani. Mimi ananiita kwa jina la shangazi."

Akonaay akaenda siku ile ile. Alimkuta kaka yake ameketi juani, blanketi mabegani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umetoka wapi, bwana?"

Akonaay akadhani anataniwa. Akakaa, akasema haraka haraka asije akashindwa: "Kaka, siku ile nilijua umekataa. Nilijua, nikawaambia watu umekubali. Nisamehe."

Sulle akamtazama kwa huruma, ile ya kumsikiliza mgeni mwenye shida zake. "Pole sana. Ulimfanyia nani hivyo?"

"Wewe, kaka! Kiwanja cha mama."

"Mimi?" Sulle akacheka kidogo. "Mimi ninaye mdogo wangu mmoja tu, anasoma. Huyo hawezi kunifanyia hivyo."

Akonaay akalia, mzee wa miaka sitini na minane, kwa sauti, mpaka Marieta akatoka jikoni. Sulle akampigapiga begani. "Usilie, bwana. Mwendee tu huyo ndugu yako. Ukimwambia mwenyewe, atakusamehe."

Kisha akaangalia jua, akainuka. "Kunapoa. Nipeleke kwa mama."

Marieta alitaka kumzuia, Akonaay akamshika kaka yake mkono. Wakashuka polepole. Milango ya ukumbi ilikuwa wazi, kina mama wanapanga viti vya harusi ya kesho. Sulle akavuka kizingiti wala hakukiangalia. Mama mmoja akapiga vigelegele: "Jamani, leo mzee Sulle ameingia!" Akonaay alitamani kumziba mdomo.

Sulle akaenda mpaka katikati, kwenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. "Mama," akaita. Akangoja. Akaita tena, na kina mama wakaacha viti, wakatazamana.

"Bwana," akamgeukia Akonaay, "umenileta siko."

"Ni hapa, kaka. Ni hapa hapa."

"Hapana," Sulle alisema, akaushika mkono wa mdogo wake. "Twende tukamuulize Akonaay. Yeye hanidanganyi."