Mbeba Makabati Aliyejifunza Kukataa Mara Tatu

Jua halijapanda vizuri, na lori la ngazi tayari limeegemea jengo moja mjini Jecheon, Korea Kusini. Dirishani, ghorofa ya tisa, Enebish amekumbatia friji ya kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa, kama mtu anayecheza muziki wa taratibu na mke wa bosi wake: kwa heshima, kwa tahadhari, na macho yakitazama pembeni.

Anaitua juu ya ngazi na kuifunga kamba. Friji inashuka polepole, kwa hadhi inayostahili friji.

Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyevaa glavu za pamba, anamwonyesha rafu ya vitabu iliyobaki ukutani.

"Hii hatuendi nayo. Chukua wewe, kijana."

Enebish anavuta hewa katikati ya meno na kushika shingo kwa nyuma. "Aa, mama, ni nzuri mno kwangu."

"Chukua bwana, ni mbao ya kweli hiyo."

"Mbao ya kweli namna hii, mimi mbeba mizigo nitaiweka wapi?"

"Si nimeshakwambia chukua?"

"Kwa kweli, mama, hapo itakuwa... kidogo..."

Hamalizi. Anaiacha sentensi ikining'inia hewani kama friji ile, kisha anainama kidogo. Mama anamtazama usoni, anacheka, anaenda kuangalia masanduku ya viatu. Rafu imebaki ukutani. Hakuna aliyeumia.

"Miaka minne iliyopita," anasema Enebish akijifuta jasho, "ningekuwa nimeshafika nayo nyumbani."

Ana umri wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Arvaikheer, Mongolia. Jina lake, kwa lugha ya kwao, maana yake ni "Siyo Huyu". Ni jina analopewa mtoto ili mashetani wakija kumchukua wadhani wamekosea nyumba. Mashetani walielewa mara moja. Akina mama na mabibi wa Jecheon ndio waliokataa kabisa kuelewa.

Hulipwa won milioni mbili na laki sita kwa mwezi, na karibu nusu huituma nyumbani kwa mkewe, Sarnai, na binti yao Maral mwenye miaka sita. Kazi ya kubeba haimsumbui. Mgongo wake, anasema, ulizoea kondoo kabla ya kuzoea makabati. Kilichomtesa ni ukarimu.

"Kwetu mtu akikunyooshea kikombe, unapokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko. Umeshiba, hujashiba, unapokea. Kukataa ni kama kumpiga mtu mkono."

Kwa hiyo alipokea. Mwaka wake wa kwanza mteja mmoja alimwona akiitazama saa ya ukutani, akamwambia, kwa adabu tu, "Umeipenda? Ichukue." Enebish akainama, akaichukua. Jioni mteja akapiga simu kwenye kampuni akilia. Saa ilikuwa ya marehemu mumewe, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna binadamu anayeambiwa "ichukue" akachukua.

Enebish aliirudisha kwa miguu, kwenye mvua, ameifunika kwa koti lake. Kesho yake mkuu wa kikosi, Mzee Pyo, mwanamume wa maneno machache na meno machache, alimweka kando ya lori.

"Mtu akikupa kitu, unakataa."

"Na kama nakitaka?"

"Unakataa."

"Na kama sikitaki?"

"Unakataa vilevile."

"Sasa atajuaje, mkuu?"

"Atajua," akasema Mzee Pyo, akapanda lori. Hapo somo la kwanza la adabu likawa limekwisha.

Somo la pili lilitolewa na Mama Mdogo Tak. Kila kikosi cha kuhamisha nyumba kina mwanamke mmoja anayefunga vyombo vya jikoni, na wabebaji wote humwita mama mdogo hata kama wamemzidi umri. Huyu anaweza kufunga sahani sabini bila kuacha kusema.

"La kwanza ni la adabu," alimwambia. "La pili nalo la adabu, maana la kwanza kila mtu analo. La tatu ndipo wanakuangalia usoni."

"Wanaangalia nini?"

"Kama una njaa."

Enebish alijifunza kwa bidii ya mwanafunzi wa bweni anayeogopa kurudia darasa. Bidii ikazidi. Kwenye mkahawa wa nyama, mama mwenye mkahawa alikuja na sahani ya nyongeza, ya bure, inayotoa moshi. Akaikataa. Mama akairudisha tena. Akaikataa tena, huku mate yakimjaa. Sahani ikaenda meza ya pili, kwa vijana ambao hawakukataa hata mara moja.

"Wenye mikahawa wanahesabu mpaka mbili," Mama Mdogo Tak alimfariji huku akitafuna. "Wana wateja wengine."

Kuna pia siku aliyochoka, mteja akamsukumia televisheni, naye akajibu waziwazi, "Sitaki. Ni mbovu." Televisheni ilikuwa mbovu kweli. Lakini mama yule hakufungua kinywa tena hadi jioni, na kahawa ya mchana haikuonekana.

Basi, kila aliposhindwa kujua ni kukataa kupi kunakotakiwa, alirudia malezi ya kwao: akapokea. Chumba chake cha kupanga kikapata makabati matatu ya nguo, moja kila ukuta, na ukuta wa nne ukabaki kwa sababu ndiko uliko mlango. Kikapata piano aliyoanikia soksi, na sufuria saba za umeme za kupikia wali. Kitanda hakikupata nafasi, kwa hiyo alilala kwenye kiti cha umeme cha kukanda mgongo, ambacho humkanda aliyelala bila kumuuliza.

Mwaka jana, baada ya kufaulu mtihani wa lugha, alipata kibali kipya kinachomruhusu kuleta familia. Sarnai akakata tiketi. Kila wiki akawa anasema kwenye simu, "Hebu nionyeshe chumba." Kila wiki Enebish akamwonyesha pembe ileile moja, mara kwa taa, mara bila taa.

"Aliniuliza kwa nini tunaishi kwenye pembe," anasema.

Alijaribu kutafuta nyumba. Zilizomtosha mfuko hazikuwatosha watu watatu. Alijaribu kugawa mizigo. Alimpa Mama Mdogo Tak kile kiti, naye akasema, "Aa, hapana mwanangu, nitakiweka wapi." Enebish akaelewa, akashukuru, akaondoka nacho. Alimpa Mzee Pyo kabati. Mzee Pyo akatikisa kichwa, na kabati likarudi. Kikosi kizima kilikataa mara moja moja, na Enebish, ambaye kwa miaka minne alikuwa akijifunza kukataa, hakuwahi kufundishwa kusikia.

Zilibaki wiki chache Sarnai na Maral wafike, na mtoto hakuwa na mahali pa kunyoosha miguu.

Ndipo ikaja kazi ya Bibi Yeongwol. Ilikuwa mwezi uliopita, katika mojawapo ya siku ambazo kalenda ya wazee inasema mashetani wamepumzika, na kwa hiyo Korea nzima inahama. Bibi huyo, anayeitwa kwa jina la mji alikotoka akiwa bi harusi, alikuwa anahamia Suwon kwa mwanawe, Hyeontae, ghorofa ya kumi na nne. Nyumba yake ya zamani, nje kidogo ya Jecheon, ina uwanja nyuma, na uwanjani kuna mitungi ya udongo ya kuchachushia maharage ya soya, mingine mirefu kumpita Maral.

"Mitungi haipandi kule," Hyeontae alisema. "Roshani yenyewe imefungwa kwa vioo, mama. Soya itakosa hewa."

Bibi hakubishana. Soya ya mwaka huu alikuwa ameiloweka siku chache tu nyuma. Alizunguka uwanjani akipapasa kifuniko kimoja kimoja, kisha akamwita yule mbebaji mkubwa.

"Kijana, chukua hii mitungi."

Enebish akavuta hewa kwenye meno. "Bibi, ni mizuri mno kwangu."

"Chukua. Soya ya mama mkwe wangu imo humo."

"Kitu cha thamani hivyo, nitawezaje?"

"Utaweza. Una mikono kama milango."

"Kwa kweli, bibi, hapo itakuwa... kidogo..."

Alikuwa amefanya vizuri mno. Shingo aliishika, sentensi aliiacha hewani. Bibi akamtazama usoni, na sura yake njema akaisoma vibaya: akaona kijana mwenye adabu anayetamani soya. Akaanza kufunga vifuniko kwa vitambaa.

"Hapo nikagundua nimemaliza," anasema Enebish. "Zote tatu nimezitumia kwa adabu. Ya kukataa kweli haikubaki."

Alisimama. Kamba ya kwanza ikafungwa, ya pili ikafungwa. Kisha mtu huyu, ambaye hajawahi kumwambia mteja habari zake, akachuchumaa mbele ya bibi kizee ili wawe kimo kimoja.

"Bibi, mke wangu anakuja na mtoto wetu. Chumba changu kimejaa vitu vya watu. Hii mitungi ikiingia, mtoto atalala ndani ya mtungi. Na dirisha langu linatazama ukuta. Soya yako itakufa mikononi mwangu."

Bibi akaiachia kamba. Akakaa kwenye ubao wa baraza.

"Mtoto ana miaka mingapi?"

"Sita."

"Na wewe umekaa unanichekea tu. Mbona hukusema mapema?"

"Nilikuwa bado nakataa, bibi."

Bibi alicheka hadi Hyeontae akatoka ndani kuangalia kama amepatwa na kiharusi. Alipomaliza, akajifuta macho kwa kitambaa cha mtungi, akatazama uwanja, akatazama nyumba.

"Basi mitungi haiji kwako," akasema. "Wewe njoo kwa mitungi. Mlete mkeo. Nyumba haipendi kukaa peke yake, na mtu lazima afunue vifuniko asubuhi, avirudishe kabla ya umande."

Enebish anasema moyo ulimruka kama farasi aliyekatika kamba. Nyumba ina vyumba vitatu. Ina uwanja. Alitaka kusema ndiyo kwa lugha zote mbili anazozijua. Lakini miaka minne ya adabu ilikuwa imeshashika usukani, na kinywa kikasema chenyewe, "Aa, bibi, ni kubwa mno kwangu."

Jikoni, sahani ziliacha kugongana.

"Mama, amesema hataki," alisema Hyeontae, ambaye amezaliwa Korea, amesoma Korea, na anafanya kazi katika ofisi ambayo watu huandikiana tu. "Usimlazimishe."

Bibi akainua mabega. Akashika ukingo wa baraza ili ainuke.

"Hajamaliza," ilisikika sauti ya Mama Mdogo Tak kutoka jikoni. "Kaeni hapo. Hiyo ya kwanza tu."

Bibi akakaa tena. Akamtazama mwanawe kama anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. Kisha akamgeukia Enebish. "Njoo ukae, mwanangu."

"Tutakuwa usumbufu kwako," Enebish akasema, kwa sauti iliyokuwa inakufa.

"Usumbufu gani, na mimi niko Suwon? Utakaa au hukai?"

Ilikuwa zamu ya kukataa kwa tatu. Mzee Pyo alikuwa ameweka kabati chini. Mama Mdogo Tak alikuwa mlangoni, bakuli mkononi. Enebish alifungua kinywa, akaangalia mitungi, akainama mpaka kofia ikaanguka.

"Nitafunua vifuniko kila asubuhi."

Anapoulizwa kwa nini hakukataa mara ya tatu, anajikuna shingo. "Niliogopa kuwa na adabu kupita kiasi."

Kikosi kilimhamisha wiki iliyofuata bila malipo, chini ya amri moja ya Mzee Pyo: kila kitu apewe mtu mara mbili. Piano ilichukuliwa na kanisa la jirani. Mzee Pyo alikataa kabati mara mbili, kisha akalipandisha kwenye lori mwenyewe. Kiti cha kukanda mgongo kilipotajwa mara ya pili, Mama Mdogo Tak alikuwa tayari amekikalia.

"Miezi mitano mgongo unaniuma," alimfokea. "Ungeniambia tena siku ileile, ungekufa?"

Sasa nyumba ina meza, magodoro matatu na nafasi ya mtoto kukimbia. Kila asubuhi, kabla ya basi la kwenda mjini, Enebish anafunua mitungi, na simu inalia kutoka Suwon.

"Vifuniko?"

"Nimefunua, bibi."

"Jua lipo?"

"Lipo."

"Lipo la kweli, au la kunifurahisha?"

Sarnai na Maral wanatua mwisho wa mwezi huu. Enebish ana mpango wa kumwandikisha Maral shule iliyo ng'ambo ya mashamba, na baadaye, akipata leseni, kununua lori lake dogo la mizigo. Lakini kuna jambo linalotangulia. Mwezi wa nne soya itatakiwa kutenganishwa, mchuzi huku na maharage huku, na yeye hajui hata pa kuanzia. Juzi alimwomba bibi aje kukaa nao.

"Mimi mzee nitawabana tu," bibi alisema. "Mkeo atakuwa ndiyo kwanza amefika."

"Njoo, bibi. Chumba chako hatujakigusa."

"Hapana, mwanangu. Nitakuelekeza kwa simu."

Enebish hakukata simu. Alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kama anayesubiri ngazi ishuke. "Sarnai hajui soya kabisa. Nani atamfundisha, mimi?"

Bibi akauliza kama mtoto anakula keki za mchele zenye maharage matamu, au watoto wa kwao wanakula nyama tu.

"Nikamwambia anazipenda sana," anasema Enebish, akiifungia friji nyingine kamba. "Hajawahi kuziona. Mpaka bibi aje, atakuwa ameshajifunza kuzipenda."