Wimbo wa Chumba cha Kufulia

Siku Domina alipousikia wimbo ule kwa mara ya kwanza, alikuwa ndani ya ndege tupu pale Arlanda, uwanja wa ndege wa Stockholm, ameinama kati ya viti akikusanya maganda na magazeti ya abiria. Binti mmoja wa zamu yake aliuweka kwenye simu ili kazi iende upesi. Ikaanza ngoma, ndu-ndu-ka, ndu-ndu-ka, nzito, yenye kuchechemea kidogo mwishoni. Vikafuata vinanda vya umeme. Kisha ikaingia sauti ya mwanamke, bila maneno, ikipanda na kushuka.

Domina akaketi kwenye kiti cha abiria, jambo ambalo ni mwiko kwa wasafishaji. Ngoma ile aliijua, na haikuwa ngoma. Ilikuwa mashine ya mwisho ukutani katika chumba cha kufulia cha jengo lake kule Alby, kitongoji cha jiji hilo, ile yenye mguu mmoja mbovu. Na sauti ile ilikuwa yake mwenyewe.

"Wimbo wa nani huu?" akauliza.

"Huujui? Unaitwa *Nafua*! Nchi nzima inaucheza. Ni wale vijana wanaopiga new wave, ule muziki wa vinanda wa zamani waliokuwa wakiucheza wazazi wetu. Mmoja wao ni wa kwenu."

Wa kwao kweli. Alikuwa Anselmo, mwanawe wa pekee, ambaye wiki nzima alikuwa akitabasamu mwenyewe jikoni na kumwambia kuna jambo zuri linamjia.

Wimbo huo una kaburi ndani yake, na wanaoucheza hawalijui. Kwa hiyo turudi nyuma, mpaka Anselmo alipokuwa darasa la tisa.

Mwaka huo mama yake Domina alifariki huko Kamachumu, Bukoba. Kaka yake, Kasiani, hakumpigia yeye simu. Kwao habari ya msiba haitupwi kwa mtu aliye peke yake. Hutafutwa kwanza wa kumshika. Kasiani alimpigia Muthoni, Mkenya wa ghorofa ya pili, rafiki ambaye Domina alikuwa akila naye Krismasi. Muthoni akabisha hodi akiwa na chupa ya chai kwapani.

"Mbona umekuja na chai?" Domina akacheka. "Kwangu kumekauka?"

"Kaa chini kwanza, mama Anselmo."

"Nikae kwa nini? Sema."

"Kaa, tafadhali."

Akaitazama ile chupa, akaelewa. Ukelele wa kwanza haukufika hata mwisho, maana jirani wa juu aligonga bomba la kupashia nyumba joto kwa kijiko, kama alivyogonga kila mtu alipocheka kwa nguvu au kukokota kiti. Muthoni akataka kupanda kumtukana. Domina akamzuia. Akajifunga khanga mdomoni, akalia kama mtu anayekohoa.

Kwenda kuzika hakungewezekana. Kibali chake cha kuishi Sweden kilikuwa kinahuishwa, na kama angeondoka kabla hakijatoka, huenda asingerudi kwa mwanawe. Kasiani akamwambia, "Dada, wewe ndiye mwanamke pekee uliyebaki katika nyumba yetu. Mama hawezi kwenda bila sauti ya bintiye. Rekodi kilio chako, utume. Tutakipiga kaburini."

Angelilia wapi? Katika nchi hii kuna zamu ya kila kitu. Zamu ya kufua unaipata kwa kuweka kikufuli chenye namba ya nyumba yako kwenye ubao. Zamu ya kulia haina ubao. Domina akaweka kikufuli chake, akashuka chini ya ardhi na kapu la nguo safi, akazitia mashineni ili pawe na kelele ya kumficha. Mashine ilipoanza kukamua na kuruka kwa mguu wake mbovu, aliketi sakafuni, akaiwasha simu yake inase sauti, akaweka mikono kichwani, akamlilia mama yake kwa Kihaya, tangu jina lake hadi pale maneno yalipokwisha ikabaki sauti tupu.

Hapo ndipo Anselmo alipofungua mlango, ameleta taulo zilizosahaulika.

"Mama, unaimba?" aliuliza kwa Kiswidi.

Ilikuwa wiki ya mitihani yake ya taifa. Mtoto hapewi msiba siku ya mtihani. Domina akajifuta uso kwa shuka iliyokuwa karibu.

"Nafua tu, mwanangu."

Alimweleza baadaye sana, Jumapili moja, kwa sauti ya chini, kwamba Bibi wa Bukoba amepumzika. Mtoto alilia kidogo, kama mtu anavyoililia picha ya ukutani, kwa kuwa bibi huyo hakuwahi kumshika. Habari ya chumba cha kufulia haikutajwa. Kule Kamachumu, Kasiani aliisogeza simu kwenye kipaza sauti, migombani, na watu wakasimama wakimsikiliza binti aliyekuwa mbali. Domina hakuwa na kwaheri nyingine. Ilikuwa hiyo hiyo.

Simu ile aliyorekodia baadaye ikawa ya Anselmo. Akaikuta sauti ndani yake, akamkumbuka mama yake sakafuni, na yeye mlangoni na taulo mkononi, akaona ndiyo kumbukumbu nzuri kuliko zote za utoto wake. Akachukua kipande cha mwisho kisicho na maneno, akaifanya mashine kuwa ngoma, akaongeza vinanda. Jina la wimbo aliliokota kwenye jibu la mama yake.

Redioni walipomuuliza wimbo umetoka wapi, alisema kwa furaha, "Mama yangu huimba akifua. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Kwetu hata kufua ni sherehe."

Muthoni, aliyeijua siri ya chumba cha kufulia, alikuwa akiosha vikombe kwa Domina redio ilipokuwa ikiongea. Kikombe nusura kimponyoke.

"Sherehe! Haki ya Mungu, huyu kijana nitamzaba kofi. Mwambie!"

"Nimwambieje?"

"Kwa mdomo! Kwani ulipewa wa nini?"

"Muthoni, mtoto huyu alikaa miaka akitafutiwa makosa na walimu, akisimamishwa na polisi, akiulizwa ametoka wapi ilhali amezaliwa hapa. Leo wanaimba naye. Nimpokonye?"

"Na wewe je? Mama yako anachezewa dansi kwenye maduka, wewe unakaa tu?"

Domina akachukua kitambaa, akaanza kukausha vikombe. Jambo moja hakuwa amemwambia hata Muthoni. Tangu wimbo uenee, kila alipotaka kumkumbuka mama yake akiwa peke yake, na kuanza kile kilio polepole, ngoma iliingia kichwani kabla yake. Kilio kilikuwa kimepata mdundo. Alikuwa amebakiwa na kamba moja tu ya kumshikia marehemu, na sasa kamba hiyo ilikuwa ikirukwa na watoto.

Kisha Anselmo akaja na ombi. Kundi lilikuwa limealikwa kupiga uwanjani Skärholmen, mbele ya maduka, mchana wa Jumamosi. Alitaka mama yake apande jukwaani aimbe mwenyewe.

"Watu watalia kwa furaha, Mama. Nataka wakuone."

Kukataa kulihitaji sababu, na sababu ndiyo aliyokuwa akiificha. Akaitikia.

Wakakutana kwa mazoezi siku moja kabla, katika chumba cha kundi kisicho na madirisha. Alma, mwimbaji wa kundi, msichana wa Kiswidi mwenye haya, alimpa Domina kiti na maji, akamshukuru mara nyingi. Anselmo akabonyeza kitufe. Ndu-ndu-ka, ndu-ndu-ka. Mashine ya Alby ikajaa chumbani.

Domina alishika kipaza sauti. Alikusudia kutoa ile sauti ya mwisho tu, nyepesi, kama wao walivyoikata. Lakini mashine ilianza kuchechemea. Aliketi sakafuni. Mikono ikapanda kichwani. Na kilio kikaanza pale kinapopaswa kuanza, kwenye jina.

Alma alidhani ni maonyesho. Akatabasamu, akaanza kufuata kwa kupiga makofi.

Anselmo hakupiga makofi. Kihaya hakukijua, lakini alikulia katika vyumba vya Alby ambamo watu wa Tanzania, Kenya na Burundi hukusanyika mmoja wao akifiwa, na tangu utotoni alikuwa amewaona wanawake wakiketi hivyo. Mikono kichwani hivyo. Hakuna mama yeyote aliyeketi hivyo akifua. Alinyoosha mkono akaizima ngoma, na sauti ya Domina ikabaki peke yake, wazi, bila kitu cha kuificha.

"Anaumwa?" Alma akauliza.

Anselmo hakumsikia. Alichuchumaa mbele ya mama yake na kusema kwa Kiswahili, lugha ambayo kwa miaka alikuwa akiijibu kwa Kiswidi.

"Mama. Siku ile alikufa nani?"

"Bibi yako."

Walirudi Alby kwa treni. Kwenye kiti cha mbele yao msichana alikuwa akiutikisa mguu kwa mdundo ule ule, vidude vya sauti masikioni, na Anselmo akainamisha uso hadi stesheni yao.

Nyumbani aliburuta godoro la kitandani kwake mpaka sebuleni, akaliweka sakafuni kama walivyofanya wengine kwenye misiba. Hakuna aliyemwagiza. Muthoni akapanda na chupa yake ya chai, akaona godoro, akavua viatu.

"Kesho hatuupigi," Anselmo alisema.

"Usipoupiga wewe, watauimba wao," mama yake akamjibu. "Umeshatoka, mwanangu. Haurudi."

"Nitawaambia ukweli."

"Waambie. Watakuhurumia, kisha watacheza."

Chini uani watoto walikuwa wakiucheza wimbo ule wakati huo huo. Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto la Juni. Anselmo akainuka kulifunga. Ndani kukatulia. Domina akaona sasa ni wakati, mwana yupo, rafiki yupo, godoro liko chini. Akafungua kinywa amlilie mama yake. Ndu-ndu-ka, kichwa kikaanza. Akafumba. Akajaribu tena. Ndu-ndu-ka.

"Siwezi," akasema. "Kilio kimeondoka."

Anselmo alimtazama. "Alikuwa akiitwa nani?"

"Kokushubila."

Alilirudia jina, akalikosea, akalirudia tena. Mara ya tatu halikumalizika. Sauti iliyomtoka haikuwa na wimbo wala kipimo. Ilikuwa mbaya, ya mwanamume asiyejua kulia, iliyokwama na kupasuka. Muthoni akamshika mabega. Domina akafumba macho, akakisikiliza kilio hicho, kisichokuwa na ngoma ndani yake, kikimwita mama yake kwa jina.

Jirani wa juu akagonga bomba.

Hakuna aliyeshusha sauti.