Babu wa Mtamba

Mama alinipigia simu asubuhi nikiwa ofisini, Kisii mjini. Mtamba wake alikuwa amepata joto, na daktari wa ng'ombe alikuwa njiani kutoka Kebirigo na mbegu ya dume. Je, dume huyo anafaa? Aliniuliza mimi kwa sababu ndimi niliyeunda mfumo wa kompyuta wa kikundi chao cha wafugaji. Mtamba huyo ndiye pekee aliyebaki zizini kwetu Manga. Mamake alikuwa amekufa. Nilijua akipandishwa na ndugu yake akazaa ndama dhaifu, mama atavunjika moyo.

Zana niliyoundia mfumo huo huniruhusu kuvuka kutoka rekodi moja hadi nyingine kwa kuunganisha majina tu: mtamba, mamake, baba wa mamake. Niliuliza kama dume huyo yumo kati yao. Jibu lilirudi tupu, na kando yake neno la kijani: salama. Neno hilo lilinikera. Tupu maana yake hatujui. Nani kasema hakuna undugu?

Ndipo nikakumbuka kwamba mamake mtamba hakuzaliwa kwetu. Aliletwa na wakwe kama mahari ya dada yangu, na alipoingia kwetu akasajiliwa upya kama mgeni asiye na wazazi. Huku kwetu ng'ombe huhama kila binti anapoolewa, na mfumo ulikuwa umemfunga kila ng'ombe kwa mwenye zizi kana kwamba hana miguu.

Nilimtafuta kwa namba ya hereni ya sikioni. Akatokea mara mbili, kwa wakwe na kwetu. Niliziunganisha rekodi zake nikarudia swali lile lile. Babu akajitokeza: ni dume yule yule ambaye mbegu yake ilikuwa njiani.

Nikapiga simu papo hapo.

"Mama, daktari amefika?"

"Anavaa glavu."

"Mwambie angoje. Huyo dume ni babu yake."

Nikamsikia akimwambia daktari, kwa sauti ya mtu anayevunja posa, "Hawa ni wa ukoo mmoja. Huna mwingine?"

Daktari alikuwa naye. Tuliponea chupuchupu, nami nikacheka peke yangu kwa furaha hadi jirani wa ofisi akachungulia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku hiyo hiyo niliupanga mfumo upya, ng'ombe aweze kubadilisha zizi bila kupoteza wazazi.

Ndama alipozaliwa, mama hakuniambia rangi yake wala kama ni jike.

"Amesimama mwenyewe," alisema, kisha akaisogeza simu zizini, nikamsikia ndama akinyonya.