Kiti Kinachoelekea Geti

Kila Jumapili nilikalia kiti kilekile, kile kinachoelekea geti. Vijana wetu wa kanisani, kumi na wanne hivi siku wakitimia, walikaa mbele yangu kwenye mabenchi chini ya kibanda cha mabati, migongo yao ikielekea geti. Nilipanga hivyo makusudi. Mtu akiingia na begi, nimwone mimi kwanza. Hata njia ya kuwatolea, kupitia mlango wa jikoni, nilikuwa nimeipima: hatua thelathini na moja.

Sikumwambia mtu. Mimi ni mwalimu wa bara niliyeletwa Garissa na barua ya uhamisho, na wazazi wengi wa hao vijana ni hivyohivyo: makarani, wauguzi, askari magereza. Hofu ya kushambuliwa tunayo, ila haitajwi. Basi nilifundisha "msiogope" kwa sauti kubwa, huku mguu wangu ukicheza chini ya kiti kama wa fundi cherehani.

Kati yao kulikuwa na binti wa miaka kumi na sita, mtoto wa muuguzi, mbishi lakini mkweli. Alikuwa apokee kipaimara mwezi uliofuata. Jumapili moja niliwaomba kila mmoja aeleze anaombaje akiwa peke yake. Zamu yake ilipofika, mwanamume alisimama getini na gunia begani, na askari wa geti akaanza kumpekua. Macho yangu yakahamia huko. Kumbe ni vitunguu vya jikoni kwetu. Niliposikia kimya nikajua binti amemaliza, nikasema, "Amina. Vizuri sana. Anayefuata?"

Wenzake walicheka mpaka benchi likatikisika.

"Vizuri?" akasema. "Ticha, nimesema siombi tena. Nimesema siwezi kufunga macho."

Nikababaika, nikamwambia tutaongea baadaye. Baadaye hakuwepo. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Mama yake akanipigia simu: binti hataki tena kipaimara, na hasemi kwa nini. Mimi nilijua kwa nini. Niliona haya, kisha nikakasirika, kwanza na yeye, halafu na geti.

Hasira hiyo nilimpelekea askari wetu, Msomali wa makamo aliyelinda pale tangu kabla sijafika. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini anaruhusu mizigo kuingia wakati wa kipindi cha vijana. Aliningoja nimalize.

"Mwalim, mimi nakuona kila Jumabili," akasema. "Wewe naangalia geti, mimi naangalia geti. Sasa watoto nani naangalia?"

Jioni hiyo nilimfuata yule binti kwao, kwenye nyumba za wafanyakazi wa hospitali. Nilimkuta uani akifua sare ya shule.

"Siku ile nilikuwa naangalia geti," nikamwambia, salamu hata hazijaisha.

"Tunajua," akasema, akikamua sketi. "Wote tunajua. Sisi huangalia macho yako ndio tujue kama kuko sawa. Sasa nikifunga yangu nitajuaje?"

Nilitaka kumpa aya ya Biblia. Nilikuwa nazo nyingi. Nilimsaidia kuanika tu, nikaenda zangu, na usiku ule sikupata usingizi wa maana.

Jumapili iliyofuata nilihamishia kiti upande wa pili, nikageuza na mabenchi. Geti likawa nyuma yangu, vijana mbele. Dakika kumi za kwanza zilikuwa mateso. Shingo iliniwasha, maneno yakanipotea, mara mbili nikasoma mstari uleule. Kisha nikasikia geti likikwaruza chini. Viatu vikaja taratibu juu ya changarawe. Nikang'ang'ania Biblia yangu kwa mikono miwili, nisigeuke.

Yule binti alipita kando yangu, akaketi benchi la mbele lililokuwa tupu. Alikitazama kiti, akanitazama na mimi.

"Ticha, unaogopa?"

Miaka yote hiyo nilikuwa na jibu zuri la swali hilo.

"Naogopa," nikasema. "Hata sasa hivi."

"Hata ukiomba?"

"Hasa nikiomba."

Akavuta benchi mpaka magoti yake yakakaribia kugusa yangu.

"Sawa," akasema, akafunga macho. "Anza."