Moshi wa Ziwani

Mimi ni mtu wa maswali, na mke wangu ameshazoea. Yeye ni mwalimu wa jiografia. Mimi nina duka ambalo naweza kulifunga wiki nzima na mji wa Mbinga usitikisike. Kila shule zinapofungwa tunabeba hema na sufuria moja, tunakwenda kutembea kwa miguu. Tulianza tangu mtoto wetu wa mwisho alipokwenda chuo. Majirani wanatucheka. Mtu mzima na akili zake, wanasema, ana kitanda cha futi sita, anakwenda kulala porini na mkewe. Yeye husali kanisani, mimi msikitini, na hema halijawahi kulalamika.

Desemba iliyopita njia niliichagua mimi. Nilitaka kwenda kuutazama moto wa baba yangu.

Nilipokuwa na miaka minane hivi, baba alinipakia kwenye baiskeli mpaka ukingoni mwa milima, kwa mkulima mmoja wa kahawa aliyekuwa rafiki yake. Kutoka pale ziwa lilionekana, na juu ya maji palikuwa na moshi. Nguzo tatu nyeusi, ndefu, zinakwenda taratibu. Meli hakuna, kisiwa hakuna. Nikauliza. Baba alimaliza kwanza kukaza kamba ya mzigo, ndipo akasema kwamba chini ya ziwa kuna mlima unaowaka, na ndiyo sababu watoto hawapelekwi kule.

Baba hakuwa mtu wa uongo. Wazee wake walitoka Kilwa na biashara zao, na yeye alijulikana sokoni kwa mizani yake. Watu wakigombana juu ya kilo, walikuja kupima kwake. Ilikuwa miaka ya foleni. Rafu za duka zilipobaki na viberiti na sindano tu, aliteremka navyo ziwani kila mwezi kubadilishana chakula. Alirudi na usipa, wale dagaa wetu wa Nyasa, na mara nyingine na mikate midogo myeusi iliyofungwa kwa majani. "Usipa wa kusagwa," alisema. Mama aliipika na nyanya, tukaila na ugali mpaka sufuria ikang'aa. Baba mwenyewe hakuigusa. Alisema amekula njiani.

Amekufa miaka mingi sasa, na katika vyote alivyoniachia, ule moto ndio niliouhifadhi vizuri kuliko duka. Nilimsimulia mke wangu tukiwa wachumba.

"Volkano ziko kaskazini, Rungwe huko," alinijibu siku ile, na amenijibu hivyo hivyo kwa miaka ishirini na minane. "Huku kwetu ni bonde la ufa tu. Baba mkwe Mungu amrehemu, lakini kwa jiografia hapana."

Kwa hiyo safari hii haikuwa matembezi tu. Mtu mmoja angepatikana na kosa, ama mwalimu, ama baba yangu, na mimi nilikuwa nimeshachagua upande.

Tulishuka kwenye basi kabla barabara haijaanza kuteremka, tukashika njia za mashambani. Mzee mmoja aliitikia shikamoo zetu, akalitazama begi la hema, akauliza kama tunapima. Tangu makaa ya mawe yaanze kuchimbwa Ngaka na malori kupita, mtu mwenye begi kubwa na viatu vya kamba anadhaniwa anatafuta kitu cha kuchimba. Mke wangu alimjibu kwa Kimatengo, lugha ya kwao, kwamba tunakwenda kuliangalia ziwa.

"Lina nini?" mzee akauliza.

Nilifungua kinywa nimweleze. Mke wangu akanikanyaga mguu.

Jioni tuliomba kulala kwenye shamba lililopumzishwa. Mteremko wote ulikuwa na ngoro, yale mashimo ya mraba yanayochimbwa na Wamatengo, yaliyopangana kilima kizima. Mimi ni mtoto wa dukani. Ngoro nilizozijua ni za kuzipita barabarani. Nikaona moja pana, sakafu yake tambarare, majani laini, upepo haufiki. Nikasimamisha hema humo kwa furaha.

"Umechagua mwenyewe?" mke wangu akauliza.

"Nimechagua."

Akaliweka begi lake juu ya tuta, akaanza kuwasha moto hukohuko juu. Mvua ilikuja ugali haujaiva. Kumbe kazi ya ngoro ni kuyakamata maji ya mlima yasiondoke na udongo, na ile yangu ilijua kazi yake. Nilitoka nimebeba viatu mkononi.

"Ulijua!"

"Hukuuliza," alisema. "Si wewe mtu wa maswali?"

Asubuhi mawingu yalifunguka, tukaliona ziwa, na moshi ukiwa juu yake. Nguzo mbili safari hii, nyeusi, pana kichwani. Nilipiga kelele kama mtoto. Mke wangu alisimama na kikombe cha chai mkononi mpaka chai ikapoa.

"Huo si moto," alisema hatimaye, lakini ile sauti yake ya darasani haikuwepo.

Tuliteremka kuelekea pande za Kihagara, mimi mbele, magoti yakinilaumu. Kila njia ilipogeuka nilitafuta moshi uko wapi. Ulikuwa unasogea. Tulipofika ufukweni mchana, nguzo moja ilikuwa inakuja moja kwa moja kwetu, na watu, badala ya kukimbia, walikuwa wanatoka majumbani na sufuria, vikapu na nyungo zilizopakwa mafuta. Kisha moshi ukafika, na ulikuwa wadudu. Vijidudu vidogo kuliko mbu, visivyouma, maelfu kwa maelfu, masikioni, puani, ndani ya shati. Watu walizungusha nyungo hewani, na kila ungo ulioshuka ulikuwa mweusi.

"Nkungu," mama mmoja wa rika letu alitueleza, akikung'uta ungo wake. Wanatoka ndani ya maji yenyewe, alisema, hasa mwezi unapoandama, na upepo ukiwaleta pwani ni mboga ya bure. Mke wangu, nywele zimejaa nkungu, alimuuliza maswali mpaka mimi nikaona haya. Mayai wanataga wapi? Kwa nini wanasimama kama nguzo?

Mimi nilikaa ubavuni mwa mtumbwi nikacheka. Baba aliona kwa mbali kama nilivyoona mimi, akakosea kama nilivyokosea. Kukosea si kusema uongo. Hata mke wangu alinihurumia. "Kwa umbali ule," alisema, "hata mimi nisingejua." Moyo ulikuwa mwepesi.

Yule mama akatukaribisha kula. Wale nkungu wa jana yake alikuwa amekwisha kuwafinyanga na kuwakausha. Akawapika na nyanya, akatuwekea na ugali. Mke wangu alimega bila kusita. Mimi nilisita. Kwetu tumefundishwa kwamba mdudu haliwi, isipokuwa nzige.

"Ukimchunguza sana bata, humli," mke wangu akanichokoza.

Udadisi ulinishinda. Nilionja kidogo sana, ncha ya kidole. Kinywa kilitambua kabla yangu. Ilikuwa mboga ya mama, ile nyeusi, ya miaka ya foleni. Nikatazama pembeni nikaona mikate iliyobaki, midogo, imefungwa kwa majani.

Baba hakuwa amekosea. Alijua moshi ule ni nini, maana aliubeba kwenye baiskeli mpaka nyumbani. Aliniambia ni moto, akatuambia ni usipa, akatulisha, na yeye mwenyewe hakula. Niliumia. Niliwaza mizani ile, watu wakija kupima kwake, nikashindwa kumaliza ugali wa watu.

Tulipoaga, yule mama alitupa mkate mmoja. "Mpelekeeni bibi wa nyumbani," alisema, maana mke wangu alikuwa amemtajia mama yangu. Mke wangu alinyoosha mikono. Nikakataa mimi, kwa adabu, na kwa ukali mdogo chini ya adabu. Mama yangu yu hai, amepita miaka themanini, hajaacha sala hata moja. Nimpelekee ushahidi kwamba mumewe alimdanganya kwenye sahani?

Tuliporudi Mbinga tulimkuta mama barazani, tasbihi mkononi. Tulimwamkia. Akaitikia, akatuangalia miguu, akauliza:

"Haya, baba. Moto wa baba yako mmeuona?"

Njia nzima nilikuwa nimetayarisha jibu. "Tumeuona, mama."

Alimgeukia mke wangu. Mke wangu alitazama chini. Mama akacheka, kicheko cha meno matatu.

"Umerithi na uongo wake, nao mbovu vilevile. Usipa gani asiye na jicho hata moja? Mimi nimeosha usipa maisha yangu yote. Nilijua siku ya kwanza."

"Ukanyamaza?"

"Kaendesha baiskeli siku mbili, mvua inamnyeshea, watoto wamelala na uji wa chumvi. Nimwambie nini? Na ule moto aliutunga kwa ajili yako wewe. Ungejua, ungemtangaza mpaka msikitini."

Nikamuuliza lile lililobaki. "Mbona yeye hakula? Kwa sababu ya dini?"

"Dini gani?" Mama alinishangaa. "Ilikuwa haitoshi."

Mama alivuta tasbihi punje mbili tatu, kisha akaliangalia begi la hema lililokuwa mlangoni, kwa hamu kabisa, kama mtoto anayengoja mzigo wa safari ufunguliwe.

"Hamkuniletea hata kidogo?"

Mke wangu alinitazama tu, akangoja nijibu mwenyewe.