Jina Langu Nikiwa Hai

Siku hiyo tulikuwa watu sita ndani ya nyumba yangu, hapa karibu na Mogogosiek. Mimi mwenyewe. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, ambaye hajanipenda tangu siku niliyoolewa, naye anajua kwamba najua. Jirani yangu, mjane aliyeletwa huku kutoka upande wa ziwa na mume aliyekuwa fundi wa kiwanda cha majani chai, mume akafa yeye akabaki. Mwanangu, kitinda mimba, anayefanya kazi Nairobi na watu wa mashirika ya nje. Mke wake, mtu wa upande wa Mlima Kenya, ambaye wazazi wake walikuja zamani kufungua duka Kericho mjini. Na binti yao wa pekee, wa miaka kumi na moja. Majina yao wote ninayo, na ya baba zao, na ya mama za baba zao, lakini siyaweki hapa. Jina ndilo lililotugombanisha.

Kwetu Wakipsigis mtoto akizaliwa, wanawake wazee wa upande wa baba huketi naye wakaita majina ya watu wa ukoo waliokufa, moja baada ya jingine, wakimsogezea ugoro kidogo puani. Jina atakalolipigia chafya, basi mwenyewe amerudi. Katika ukoo huu mimi ndiye ninayeitwa kwa kazi hiyo, kwa sababu sisahau. Kwa mjukuu huyu sikuitwa. Alizaliwa hospitali Nairobi, na kabla sijafunga hata kitambaa kichwani niende kumwona, mwanangu akapiga simu anacheka: "Mama, tumempa jina lako."

Mke wake ndiye aliyemfundisha. Kwao binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, awe hai awe amekufa, na hiyo ni heshima. Mwanangu alingoja nicheze kwa furaha. Lakini kwetu jina la mtu huchukuliwa akishazikwa. Nilikata simu. Mke wake akanitumia blanketi kutoka duka la wazazi wake, la kunipongeza, nikalirudisha likiwa limefungwa vilevile. Tangu hapo mtoto yule sikumwita kwa jina. Nilimwita "wewe", au "mtoto wa Nairobi", na nikikasirika, "hiyo Ulaya yenu".

Nao walimlea Kiulaya kweli, huko huko Nairobi. Walimtia shule ya kimataifa, pamoja na watoto wa mabalozi, akiwa bado analowesha kitanda. Kila likizo alishuka kwenye gari na lugha mpya. Kiingereza kwa baba yake. Kifaransa cha kuimba akioga. Kikuyu cha kwa bibi yake wa Kericho, ambaye anamwita cucu. Kichina alikitumia kuhesabu kuku wangu. Kiswahili chake kilikuwa cha msoma habari wa redio, safi kuliko chetu sote, hata jirani akawa anajificha asije akaulizwa kitu. Cha kwetu alijua neno moja tu, kogo, yaani bibi. Nani angemfundisha? Baba yake simu haikumtoka sikioni. Mimi sikutaka.

Nilimpa mursik siku moja, maziwa yetu ya mgando, akanusa kibuyu, akasema kuna jibini ya Wafaransa inanuka hivyo hivyo. Akainywa yote. Sikumsifu.

Safari ile walikuja kuaga. Kazi ya mwanangu ilikuwa inahamia Uswisi, na mtoto aende shule ya huko. Tulikuwa tunakula. Akaniuliza mbele ya watu wote:

"Kogo, kwa nini huniiti kwa jina langu?"

Mama yake akamwambia kwa Kiingereza aache. Hakuacha. Alisema shuleni kila mtoto huulizwa ametoka wapi. Watoto wa Kenya wanamcheka kwa vile anavyoongea, na binamu zake wa huku wanamwita mzungu. Dukani kwa cucu wateja humsemesha Kikuyu, wakisikia anavyojibu wanamgeukia mtu mwingine. Basi yeye huwaambia wote kwamba ana jina la bibi yake wa kwenye majani chai. Ndicho kitu pekee alicho nacho ambacho hakukipata shuleni.

"Halafu nikifika kwako," akasema, "wewe mwenyewe hulitumii."

"Kwa sababu si lako," nikamjibu. "Mimi bado nalitumia."

Jirani akaguna kwa kukubali. Kwao pia marehemu ndiye anayeomba jina lake, humjia mtu ndotoni. Mke wa mwanangu akaweka kijiko chini.

"Mama, nilikupa heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo kwetu. Ukanirudishia blanketi."

"Ulinichimbia kaburi," nikasema, "ukanitumia na blanketi la kujifunikia humo."

Mwanangu akatoka nje kuangalia gari. Hivyo ndivyo yeye hupigana.

Wifi yangu ndiye aliyesema mtoto aitiwe majina pale pale, apate la halali kabla ya kupanda ndege, na kila mtu abaki na lake. Nilikubali haraka. Nilitaka jina langu lirudi. Jirani alisema mtoto ni mkubwa mno, kwamba mchanga hawezi kudanganya lakini huyu anaweza. Mama yake alisema ugoro si wa watoto. Mtoto mwenyewe alikuwa ameshaketi kwenye kigoda.

Nikaanza na mama mkwe wangu. Nikaita dada zake, nikamwita yule aliyefia kwenye uzazi, nikamwita yule aliyeolewa Mulot akarudi kwa miguu. Mtoto alivuta ugoro, macho yakawa mekundu, machozi yakateremka, na kwa vidole viwili akaibana pua yake. Akanitazama. Uso ulimvimba kwa ile chafya, na hakuitoa. Wifi akamwambia aachie pua. Akatikisa kichwa. Hapo nikajua anafanya nini. Niliita haraka zaidi, kisha kwa sauti, kama mtu wa mnada wa ng'ombe, na kila marehemu niliyemtaja alipitwa na kitoto kilichobana pua.

Majina yakaniishia. Hilo halijawahi kunitokea.

Ndipo wifi yangu, anatazama moto kana kwamba anazungumza nao, akalitaja jina langu. Ndani ya nyumba yangu, kwenye mstari wa waliokufa.

Mtoto akaachia pua. Chafya ilirusha ugoro mpaka kwenye sahani ya ugali. Jirani akapiga kigelegele, mazoea tu, kisha akaufunika mdomo.

Nilimwambia wifi kwamba siku hii ameingoja tangu nilipoolewa.

"Mimi nimeita tu," akasema. "Aliyejibu ni yeye."

Mke wa mwanangu alikuwa analia. Nikamwambia matanga yangu bado. Mtoto alibaki kwenye kigoda anajifuta kwa mkono wa sweta, na sasa alikuwa anaogopa.

"Ni langu?"

Wakaningoja. Chafya ikishapigwa, hakuna mwanamke wa kuifuta. Nimewaambia hivyo akina mama katika nyumba nyingi, wengine wakinisihi mtoto apewe jina jingine, na sikumhurumia hata mmoja. Basi nikamwita. Jina langu lilinitoka kavu, kama ninamwita mtu aliyenikosea.

"Toa hiyo sahani," nikamwambia. "Umeichafua."

Akasimama, akaitoa.

Waliondoka kabla ya mvua. Mimi na mama yake hatukupeana mkono. Wifi siku hizi anasema hakulitaja jina langu, eti nililiita mwenyewe kwa kuchoka. Jirani anasema hakumbuki. Mliokuwapo, kama nimekosea mahali nirekebisheni, hata mke wa mwanangu, apige simu, nitapokea. Ila anayetaka kuniambia kwamba nilipomwita yule mtoto nilitabasamu, huyo asijisumbue.