Miaka Niliyompunguzia Mama

Nyumbani kwetu Mantapala, makazi ya wakimbizi, umri hupimwa kwa bidoni, yaani dumu la maji. Mtoto akishajua kutembea bila kuanguka hupewa la lita tatu lililokuwa na mafuta ya kupikia, ajione naye anasaidia. Darasa la pili hupewa la tano, kisha la kumi, na siku anapojitwika la ishirini akafika bila kujilowesha mgongo, tunaacha kumwita mtoto. Binti yangu alifika kwenye la ishirini mwaka jana.

Mama yangu anapita njia hiyohiyo akitokea upande wa pili. Tulipokuja kutoka Kongo alijitwika la ishirini na bado akapiga soga njia nzima. Baadaye akahamia la kumi, akisema la ishirini linavuja. Halikuvuja. Sasa yuko kwenye la tano, na msimu huu wa mvua nilimkuta ameketi kando ya njia, tope hadi magotini, dumu limelala ubavuni mwake. Akaniambia anapumzisha bidoni.

Kuchotewa maji hataki. Mke wangu alijaribu, binti yangu akajaribu, nami nikajaribu kwa hoja za kisomi, zikaishia kwenye jibu moja: "Siku mutanichotea maji, mulete na sanduku ya kunizika." Kwa hiyo uliposikika mradi wa kuwahamishia wazee wa miaka sitini na zaidi kwenye nyumba zilizo karibu na pampu, nilikuwa wa kwanza kwenye meza ya kuandikisha. Karani akaitazama kadi ya ukimbizi ya mama, akanitazama mimi. Kadi ilisema hamsini na saba.

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa natumaini karatasi ndiyo imesahau. Siku ile tunavuka mpaka, mstari mzima ulikuwa ukinong'ona kwamba mashamba watapewa wenye nguvu tu, na kwamba wazee watawekwa kwenye banda moja walishwe uji hadi wafe. Mimi ndiye niliyeshika kalamu ya kujaza fomu, kwa sababu nimesoma. Nilimtazama mama, nikaona mgongo umenyooka na mdomo mkali, nikampunguzia miaka kumi na sita. Shamba tulipata. Lile banda la uji sijaliona hadi leo.

Niseme pia kwamba mimi ni mwalimu wa biolojia. Kila mwaka kwa miaka ishirini nimechora ubaoni yai, kijusi, mtoto mchanga, kijana wa balehe, mtu mzima, mzee, na mshale mmoja kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Kila mwaka nimewaambia wanafunzi kwamba mshale huo haurudi nyuma. Kumbe unarudi, ukipata kalamu.

Ofisi ya kusahihisha kadi iko Nchelenge mjini, kando ya ziwa. Safari ya kwanza tuliambiwa mwenye muhuri amekwenda Chienge. Ya pili, muhuri ulikuwepo na wino haukuwepo. Ya tatu tulipanda pikapu ya wauza samaki, tukashuka tukinuka dagaa wakavu, mama akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Aliyetupokea alikuwa msichana wa hapo ziwani. Na wenzake aliongea Kibemba. Kwetu alitoa Kiswahili alichokiokota sokoni, kizuri kuliko alivyodhani.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamweleza jinsi pingili za uti wa mgongo zinavyokauka na mtu akapungua kimo, jinsi lenzi ya jicho inavyokuwa ngumu, jinsi bega linavyokataa kupanda. Nikamwomba mama ainue mkono ili ofisi ijionee. Mama huyu, ambaye kwa wiki mbili hakuweza kuanika nguo bila kunung'unika, akaupandisha mkono wa kulia, akaupitisha juu ya kichwa na kushika sikio la kushoto. Akabaki hivyo, akimtazama msichana kama anayesubiri kupewa alama.

"Bamayo bana nguvu," akasema msichana, akimwita mama kwa heshima ya Kibemba. Kisha akaweka kadi zetu mbili pamoja, akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Batata, baba yangu, hapa mama anakuzidi miaka tisa tu. Unafundisha nini?"

"Biolojia."

Akaandika kitu pembeni. 

Akaomba karatasi yoyote ya zamani kuliko kadi. Nikaanza kusema vita haviachi karatasi, na nilikuwa nimeufikisha uchungu wangu mahali pazuri kabisa mama aliposhusha mkono, akafungua fundo la kitenge na kutoa mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kadi mbili za ubatizo. Ya kwake ilimpa miaka sabini na mitatu. Ya pili ilikuwa yangu, na sikuwahi kuiona. Ilinipa hamsini na mmoja. Mimi nilikuwa na arobaini na minane; nimeisomea, nimeoa nayo, nimeiandika kwenye kila fomu ya maisha yangu.

Nikamuuliza mama mbele ya msichana yule, sauti yangu ikiwa si ya mtu wa umri wowote kati ya hiyo. Akajibu bila haraka. Zamani kwetu mtoto hakupokelewa shuleni hadi mkono wake, ukipita juu ya kichwa, uguse sikio la upande wa pili. Mimi nilikuwa mdogo wa mwili. Mwaka wa kwanza nilirudishwa, wa pili nikarudishwa, na wa tatu pia. Wa nne mkono ukafika, lakini mwalimu alitaka watoto wa miaka sita.

"Mukono yako ilikuwa mufupi, mutoto wangu, na miye nilichoka kukurudisha ku nyumba," akasema. "Nilikupunguzia myaka tatu. Nawe ukanipunguzia kumi na sita. Unanishinda."

Msichana akaeleza kwamba faili yetu ni moja: akisahihisha umri wa mama lazima asahihishe na wangu, na mimi niandike barua ya kukiri. Niliandika. Nikaona nimeanza kueleza habari za mkono na sikio, nikazikata, nikaandika tu kwamba nilidanganya. Nilikuwa nimeanza kujiandaa kwa hamsini kidogo kidogo. Nikapigiwa muhuri, nikawa nimeipita.

Na baada ya yote hayo? Nyumba za karibu na pampu zilikuwa zimekwisha kugawiwa. Mama ameandikwa kwa zitakazojengwa baada ya mvua, wa kwanza kwenye orodha. Nilitaka kugombana, ila karatasi zote zilizokuwa na uongo mezani pale zilikuwa zetu.

Kesho yake asubuhi alichukua la tano lake. Mimi nikachukua la ishirini, nikamfuata kwa nyuma nikijifanya nina shida yangu na maji. Wakati wa kurudi, katikati ya njia, goti langu likaanza kuuma. Nikakaza mwendo. Mama akasimama, akatua dumu lake juu ya jiwe, akanionyesha nami pa kutua langu.

"Tupumzike, muzee," akasema.